Sikoloji ilitukuta kabla hatujaikuta: historia ya somo tunalosoma Buyenzi

 Mlioko hapa Buyenzi, mlioko Kavumu, Bwagiriza, Musasa na Nyankanda, na ninyi mliokwisha kupanda ndege mkaenda mbali, hii ni ya kwenu. Na ninyi wa mashirika mnaotusoma kimyakimya, karibuni pia, kuna sehemu yenu huko mbele.

Mwaka huu kikundi chetu tunasoma sikoloji ya mwaka wa kwanza. Wenzetu waliopitia Tanzania wanasema saikolojia. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa ulimi umezoea sikoloji, ni kitu kimoja. Wawili tu kati yetu ndio wameandikishwa chuoni. Wengine sita tunasoma nao bure, kila Jumamosi baada ya adhuhuri, kwa simu moja ambayo kioo chake bado kizima. Umeme ukikatika, na unakatika kweli, tunaendelea kwa tochi na chai ya tangawizi.

Sura ya kwanza ya kitabu ni historia ya somo. Inasema sikoloji kama sayansi ilianza mwaka 1879, mjini Leipzig, Ujerumani, pale Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake. Halafu anakuja William James wa Marekani na kitabu chake cha 1890, kisha Freud wa Vienna, Pavlov wa Urusi na mbwa zake, Piaget wa Uswisi na watoto wake. Tulipofika mwisho wa sura, dada mmoja akauliza: "Na huku kwetu hakuna mtu aliyekuwa na akili ya kuchunguzwa?" Tukacheka. Halafu tukanyamaza, kwa sababu swali lilikuwa la kweli.

Basi tukaanza kutafuta wenyewe. Tulichokipata ndicho tunawaandikia leo. Kumbe sikoloji ilishafika kwetu zamani sana, ila ilikuja kwanza na watawala.

Mtaa wetu kwanza

Tuanze na mahali tulipokaa. Wajerumani waliweka kambi yao Usumbura mwishoni mwa miaka ya 1890, na pembeni yake wakakaa askari, wapagazi na wachuuzi waliotoka Ujiji, Tabora, Manyema na pwani. Kiswahili kilikuja nao. Wabelgiji walipochukua nchi mwaka 1916, mji ukaendelea kupangwa kwa rangi ya ngozi: Wazungu upande wao, Waasia upande wao, Waafrika kwenye mitaa yao. Buyenzi ni mmoja wa mitaa hiyo ya Waafrika. Ndiyo maana hadi leo, katika nchi ya Kirundi, mtoto wa Uvira au wa Fizi akishuka hapa anasikia lugha yake barabarani, kwa mafundi wa magari, msikitini na sokoni. Wakimbizi wengi wa Kongo tulichagua Buyenzi kwa sababu hiyo tu. Hatukuchagua nyumba, tulichagua lugha.

Enzi hizo Burundi, Rwanda na Kongo zilikuwa chini ya mtawala mmoja. Na mtawala anataka kujua: huyu mtu ninayemtawala anafikiri vipi? Anaweza kufanya kazi gani? Ataasi lini? Hapo ndipo sikoloji ilipopata kazi Afrika.

Walipotupima

Katika miaka ya 1950, André Ombredane, profesa wa Brussels, alikwenda Kongo ya Wabelgiji kupima watu kwa majaribio ya akili. Mwaka 1954 alitoa jaribio lililoitwa Congo TAT. Ni picha zilizochorwa zikiwa na watu weusi na mazingira ya Kiafrika. Unaonyeshwa picha, unaambiwa utunge hadithi, na kutoka kwenye hadithi yako anayekupima anatafuta hofu zako na tamaa zako. Kwa haki tuseme, Ombredane alielewa kwamba mtu ambaye hajakaa shuleni hawezi kulinganishwa hivi hivi na mtu wa Brussels. Lakini hebu fikiri: uko chini ya mkoloni, mgeni anakuonyesha picha, anakuambia, "Sema unachokiona." Utasema kila kitu?

Kenya ilikuwa mbaya zaidi. Daktari John Colin Carothers aliwekwa mwaka 1938 kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, bila kuwa na mafunzo makubwa ya kazi hiyo. Alikaa hapo hadi 1950. Kutokana na wagonjwa aliowaona pale, akaandika juu ya Waafrika wote. Alisema Mwafrika hatumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa ubongo. Maneno hayo hayakubaki kwenye daftari lake. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha kijitabu chake juu ya sikoloji ya Mau Mau. Watu waliodai ardhi yao wakaelezwa kama watu waliochanganyikiwa na maisha ya kisasa. Carothers aliunga mkono kuwakusanya Wakikuyu katika vijiji vipya vilivyolindwa, na zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu.

Tuliposoma hivi, kaka mmoja alifunga daftari akasema hasomi tena. Kwa nini tujifunze elimu iliyotutukana? Tulibishana hadi magharibi. Hatukumlaumu. Lakini tulimwomba asubiri, kwa sababu historia haikuishia hapo.

Waliojibu

Frantz Fanon alizaliwa Martinique mwaka 1925, akasoma udaktari wa akili Ufaransa, na mwaka 1953 akaenda kufanya kazi katika hospitali ya Blida-Joinville, Algeria. Aliwatibu waliopigwa, na aliwatibu pia waliopiga. Mwaka 1956 aliacha kazi ya serikali na kujiunga na wapigania uhuru. Katika kitabu chake cha 1961, mwaka aliofariki akiwa na miaka 36 tu, alimtaja Carothers kwa jina na kumjibu. Hoja yake kwa maneno yetu ni hii: ukimwona mtu ana hasira na hofu, angalia kwanza amefanyiwa nini, usikimbilie kupasua kichwa chake kutafuta kasoro.

Nigeria nako kulikuwa na Thomas Adeoye Lambo. Mwaka 1954 huko Aro, karibu na Abeokuta, alianza mpango wa wagonjwa kukaa vijijini pamoja na ndugu zao huku wakitibiwa hospitalini. Alifanya kazi na waganga wa jadi bila kuwadharau. Aliona kwamba mgonjwa akitengwa na watu wake anazidi kuugua. Sisi tuliokaa kambini bila ndugu hatuhitaji kuelezwa sana hapo.

Angalieni mwaka: 1954. Mwaka uleule ambao Nairobi walichapisha kijitabu cha Mau Mau, Abeokuta walikuwa wanafungua milango. Elimu ni ile ile, imeshikwa na mikono tofauti.

Uganda iliyosahauliwa

Mwaka huohuo wa 1954, mama mmoja aitwaye Mary Ainsworth alifika Kampala pamoja na mume wake, aliyekuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti ya Makerere. Yeye alitaka kuchunguza mtoto anaachishwaje ziwa, maana alikuwa amesikia kwamba Waganda humpeleka mtoto kwa bibi yake wakati huo. Alipofika vijijini akakuta desturi hiyo wengi wameshaiacha. Akabadilisha swali lake badala ya kuwalazimisha watu wafanane nalo.

Akiwa na mkalimani wake, Katie Kibuka, alitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, kila baada ya wiki mbili, kwa miezi mingi. Alikaa sebuleni, akanywa walichokunywa, akaangalia mtoto anamfuata nani, analia nani akitoka, anatambaa mbali kiasi gani kabla ya kugeuka kumtazama mama. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika wa mama yake ndiye anayethubutu kwenda mbali kuchezea vitu. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967.

Sasa sikilizeni. Kitabu chetu cha chuo kina kurasa nzuri juu ya Ainsworth. Kinaeleza chumba chake cha majaribio kule Baltimore, Marekani, ambako mama anatoka na mtoto anabaki na mgeni. Uganda haina hata mstari mmoja. Msingi wa sura nzima uliwekwa na akina mama wa Buganda, na mwanafunzi wa Buyenzi anaweza kufaulu mtihani bila kujua hivyo.

Tulipoijadili sura hiyo, dada yetu mmoja aliyemlea mdogo wake tangu akiwa na miaka kumi na mmoja aliuliza kama "mama" katika kitabu lazima awe mama mzazi. Tulirudi kusoma tena. Jibu ni hapana: mtoto anaweza kushikamana na zaidi ya mtu mmoja, muhimu ni mtu anayejibu anapoitwa. Yule dada hakusema kitu, ila daftari lake siku hiyo lilijaa.

Waya za Lusaka

Kuna mwingine, Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi Chuo Kikuu cha Zambia. Katika miaka ya 1970 alichukua watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, Uingereza, akawaambia waige maumbo. Kwa karatasi na penseli, watoto wa Manchester walishinda. Kwa waya, watoto wa Lusaka walishinda. Kwa udongo walikaribiana. Si unajua kwa nini? Mtoto wa Lusaka, kama sisi, alikua anatengeneza gari la waya. Kwa hiyo swali "nani ana akili zaidi" halina jibu mpaka useme umempa nini mkononi.

Mwaka 2008 mtaalamu wa Marekani, Jeffrey Arnett, alihesabu tafiti za majarida makubwa ya sikoloji ya nchi yake akakuta karibu 96% ya watu waliochunguzwa walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea, zenye kama 12% tu ya watu wa dunia. Kwa hiyo kila kitabu kikisema "binadamu hufanya hivi", sisi tumejizoeza kuandika pembeni kwa penseli: binadamu yupi?

Sura ya kumbukumbu

Sehemu hii ndiyo ilitufanya tuandike. Ndugu wa mashirika, hapa ndipo pa kwenu.

Mmoja wetu aliwahi kuhojiwa mara mbili juu ya safari yake, miaka miwili ikipita katikati. Ofisi hatutaitaja, na si lengo letu kuishtaki. Mara ya kwanza alisema walivuka Ruzizi wakiwa watu saba. Mara ya pili akasema watano. Mara ya kwanza alisema ilikuwa asubuhi, mara ya pili usiku. Yule aliyemhoji akaweka kalamu chini akamwambia: "Sasa ni ipi ya kweli?" Tangu siku hiyo kaka yetu alijiona mwongo. Si kwamba aliitwa mwongo tu, alianza kuamini. Alikuwa anatuuliza usiku: "Labda kweli sikumbuki? Labda baba yangu hakufa vile?"

Halafu tukafika sura ya kumbukumbu. Frederic Bartlett wa Cambridge, katika kitabu chake cha 1932, alionyesha kwamba kumbukumbu si kaseti. Kila ukikumbuka unajenga upya, kwa vipande ulivyonavyo. Bartlett huyohuyo alisimulia mchungaji wa Uswazi aliyetaja ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja nyuma, rangi zao, alama zao na bei zao, karibu bila kosa. Wenzetu waliokulia kwenye ng'ombe huko milimani walitabasamu. Mtu anakumbuka kile ambacho maisha yake yamemfundisha kukihesabu. Mama yetu hajui tarehe, anajua ilikuwa mihogo haijakauka.

Na mwaka 2002, jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha utafiti wa Jane Herlihy na wenzake. Walichukua wakimbizi wa Kosovo na Bosnia waliokuwa tayari wameruhusiwa kukaa Uingereza, yaani watu wasiokuwa na sababu ya kudanganya. Wakawahoji mara mbili juu ya matukio yaleyale. Hadithi zilitofautiana. Zilitofautiana zaidi katika mambo ya pembeni kuliko katika kiini. Na kwa wale wenye majeraha makubwa ya moyo, kadiri muda kati ya mahojiano ulivyokuwa mrefu, ndivyo tofauti zilivyoongezeka. Waandishi wakasema wazi: tofauti peke yake haitoshi kusema mtu huyu anadanganya.

Tulimsomea kaka yetu polepole, tukitafsiri sentensi kwa sentensi. Watu saba au watano, asubuhi au usiku, hayo ni ya pembeni. Kiini hakijawahi kubadilika: mto, bunduki, baba. Alituomba tumsomee tena. Halafu akasema, "Kwa hiyo sina wazimu." Hatukuhitaji mtihani wowote kujua kwamba tumeshasoma kitu.

Wakimbizi walipokuwa watibabu

Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, ambako wengi wetu tuna ndugu, kulifanyika jambo ambalo kila kijana mkimbizi angelijua. Timu ya Frank Neuner kutoka Ujerumani iliwafundisha wakimbizi wenyewe, watu wasio madaktari, kwa wiki sita tu. Kisha wakimbizi hao wakawasaidia wakimbizi wenzao, Wanyarwanda na Wasomali, 277 kwa jumla waliokuwa katika utafiti. Wengine walisaidiwa kusimulia maisha yao yote kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, mabaya na mazuri. Wengine walipata ushauri wa kawaida. Kundi la tatu lilifuatiliwa tu. Matokeo yalitoka mwaka 2008: katika makundi mawili yaliyosaidiwa, karibu 70% na 65% hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Katika lile la kufuatiliwa tu, ni 37%.

Hatusemi wiki sita zinamfanya mtu kuwa daktari. Tunasema mkimbizi si mtu wa kuhesabiwa tu kwenye fomu, anaweza kukaa upande wa pili wa meza.

Hapa Burundi

Hapa Bujumbura kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, kinachoendeshwa na mabruda wa Frères de la Charité. Chuo Kikuu cha Burundi kina kitivo cha sikoloji na elimu. Lakini mtaani neno bado ni zito. Ukisema unakwenda kwa mtu wa sikoloji, jirani anasikia "wazimu". Ndiyo maana tunapenda maneno ya wazee. Majirani zetu wanalo neno ihahamuka, mtu kukosa pumzi kwa hofu iliyopita lakini haijapita. Hilo linaeleza zaidi kuliko herufi nyingi za vitabu.

Tuwe wakweli pia: si kila msaada unafaulu. Wietse Tol na wenzake walijaribu hapa Burundi mpango wa kuwasaidia watoto wa vita mashuleni, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Kwa watoto kwa ujumla, mpango haukuonyesha faida waliyoitarajia. Waliofaidika zaidi ni baadhi, kutegemea nani anaishi nao nyumbani. Tunawaheshimu kwa kuandika hivyo. Carothers angekuwa na ujasiri huo, historia ingekuwa nyingine.

Na kuna somo ambalo Buyenzi yenyewe inafundisha. Vitabu vinaeleza jaribio la Stanley Milgram, Yale, 1961, ambapo watu 26 kati ya 40 walitii amri ya kumuumiza mtu hadi mwisho, ingawa kwa kweli umeme haukuwepo. Tunaulizwa kwenye mtihani: kwa nini walitii? Sisi tunauliza pia: wale 14? Vita vilipoanza mwaka 1993, wapo wazee wa mtaa huu waliowaficha majirani bila kuuliza kabila. Mauaji yalifika Bwiza na Buyenzi pia, Machi 1995, hatufichi. Lakini waliokataa walikuwepo, na wengine bado tunapishana nao barabarani. Tunataka siku moja mtu awaandike hao, na afadhali awe mmoja wetu.

Tunachoomba

Kwa mashirika: mnapohoji, mpeni mtu muda, mwacheni aanzie anapoweza. Tarehe ikigongana, ulizeni tena kwa upole kabla ya kuandika neno ambalo litamfuata miaka kumi. Na mkileta mafunzo ya ushauri, msituletee tu fulana na picha, tuleteeni mafunzo yanayoendelea na mtu wa kutusimamia.

Kwa vijana wenzetu: someni. Si lazima muwe na nafasi chuoni. Tangu 1992 kuna ufadhili wa DAFI, na UNHCR imejiwekea lengo kwamba kufikia 2030 wakimbizi vijana 15% wawe katika elimu ya juu. Ni lengo, si ahadi, na mlango ni mwembamba. Kwa wakati huu simu moja inatosha watu wanane, sisi ni mashahidi.

Yule kaka aliyefunga daftari siku ya Carothers amerudi. Anasema anataka kujua kila kitu walichoandika juu yetu, ili asidanganywe tena. Jumamosi ijayo ni zamu yake kufundisha, sura ya usingizi na ndoto. Tumemwambia alete na tangawizi.